Rangi ya Uzee: Jinsi Kasoro za Filamu Zilivyohamia Kwenye Simu

Ukifunua albamu ya familia yenye picha za rangi za miaka ya 1970, utaona jambo moja likijirudia karibu kila ukurasa: anga limepoteza ubuluu wake, nyasi zimekauka, na nyuso zimevaa wekundu wa udongo. Mpiga picha hakuikusudia rangi hiyo. Picha ya rangi ya wakati ule iliundwa kwa tabaka tatu za rangi, moja ya samawati, moja ya njano na moja ya wekundu wa zambarau; na katika karatasi nyingi za miaka hiyo tabaka la samawati lilichakaa upesi kuliko mengine, hata albamu ilipofungiwa kabatini. Wekundu ule ulikuwa kama mvi. Aliyeuona alijua, bila kuambiwa, kwamba picha ina umri.

Miaka ipatayo 40 baadaye, mamilioni ya watu walianza kuzipaka mvi hizo picha zilizopigwa dakika ileile. Walifanya hivyo kwa hiari, kwa kugusa kioo cha simu, na wengi wao walikuwa vijana ambao hawakuwahi kupeleka filamu studio kusafishwa. Ili tuelewe jambo hili, itafaa tuanze na kasoro zenyewe, kwa sababu kila filta ya simu ina kasoro ya zamani iliyoizaa.

Umbo la mraba, kwa mfano, lina historia yake. Mwaka 1947 Edwin Land, mwanasayansi na mfanyabiashara wa Marekani, alionyesha hadharani njia ya kupata picha papo hapo, na mwaka uliofuata kamera yake ya kwanza ya Polaroid ikaanza kuuzwa Boston. Mwaka 1972 ilifuata SX-70, iliyotema picha ya mraba yenye ukingo mweupe, mpana zaidi upande wa chini. Ukingo ule haukuwa urembo. Sehemu yake ya chini ilibeba kifuko cha kemikali ambazo kamera ilizisambaza juu ya picha ili itokeze. Kodak nayo ilikuwa imetoa kamera rahisi za Instamatic mwaka 1963, na zile za mwanzo zilipiga picha za mraba. Hivyo mraba ukawa umbo la kamera za watu wa kawaida, mbali na zile za mabingwa.

Pembe zenye giza na miali ya rangi isiyotarajiwa zina chimbuko jingine. Mwaka 1982 ilitoka Hong Kong kamera ya plastiki iitwayo Holga, iliyokusudiwa kuwa ya bei nafuu kwa familia za China. Lenzi yake duni haikuweza kufikisha mwanga sawasawa hadi kwenye pembe, kwa hiyo pembe zikawa na giza. Na mwili wake haukuziba vizuri, kwa hiyo mwanga ulipenya na kuchora michirizi kwenye filamu. Miaka miwili baadaye kiwanda cha LOMO cha Leningrad, Urusi, kilianza kutengeneza kwa wingi kamera ndogo ya LC-A, ambayo nayo ilitoa rangi kali na pembe za giza.

Hapa ndipo mgeuko wa kwanza ulipotokea, na ulitokea kabla simu haijawa na kamera. Mwaka 1991 wanafunzi kutoka Vienna waliikuta LC-A huko Prague, wakapiga nayo picha ovyo, wakapenda walichokiona. Mwaka uliofuata wakaanzisha chama cha wapenzi wa kamera hiyo, na baadaye biashara. Wapiga picha wengine walikuwa na mchezo unaofanana na huo: walichukua filamu ya slaidi, wakaisafisha kwa kemikali za filamu ya negativu, na rangi zikatoka zimevurugika kwa namna ya kupendeza. Kilichokuwa kosa la fundi kikawa mtindo, ingawa kilibaki mtindo wa wachache, kwa kuwa filamu ilikuwa na gharama na kosa halikuwa na uhakika.

Wakati huohuo teknolojia nyingine ilikuwa ikikua. Mwaka 1975 Steve Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda kamera ya kwanza ya dijitali iliyoweza kushikwa mkononi. Ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na pikseli 10,000 tu. Mwaka 2000 kampuni ya Sharp iliuza Japani simu yenye kamera ya pikseli 110,000. Kisha Juni 2007 iPhone ikaingia sokoni ikiwa na kamera ya megapikseli 2, isiyo na flashi wala uwezo wa kurekodi video. Simu ni nyembamba, na wembamba huo una gharama yake: kihisi cha mwanga lazima kiwe kidogo, na lenzi iwe ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo picha za simu za wakati ule zilikuwa na chengachenga gizani na rangi zilizopooza mchana.

Katika muda usiofika miaka miwili mambo mawili yalikutana. Februari 2008 Polaroid ilitangaza kuacha kutengeneza filamu za papo kwa papo, na Juni 2009 Kodak ikatangaza mwisho wa Kodachrome, filamu iliyokuwapo tangu 1935. Katikati ya matangazo hayo, Julai 2008, Apple ilifungua duka la programu za iPhone, ambako mtu yeyote mwenye ujuzi aliweza kuuza programu aliyoitunga. Filamu ilikuwa ikiaga, na mahali pa kuuzia kumbukumbu yake palikuwa pamekwisha kufunguliwa.

Walioiona nafasi hiyo mapema ni Ryan Dorshorst na Lucas Buick, vijana wa jimbo la Wisconsin, waliotoa programu ya Hipstamatic Desemba 2009. Iligeuza kioo cha simu kuwa kama mgongo wa kamera ya plastiki: kidirisha kidogo cha kuchungulia, lenzi na filamu za kubadilisha kwa kidole, na kusubiri kidogo kabla picha haijatokea. Mpiga picha alilazimika kuchagua filamu yake kabla ya kupiga, kama zamani. Programu hiyo ilisindikizwa na hadithi ya ndugu wawili waliodaiwa kubuni kamera halisi ya plastiki katika miaka ya 1980, kisha wakafa. Hadithi ilisisimua wengi, lakini baadaye ilibainika kuwa ya kutungwa. Tulikumbuke jambo hili, kwani litatufaa mwishoni: picha zilipewa uzee usio wao, na kamera yenyewe ikapewa mababu ambao haikuwa nao.

Mwaka 2010 Apple iliitaja Hipstamatic kuwa programu bora ya iPhone ya mwaka, lakini mshindani wake alikuwa amekwisha kuzaliwa. Kevin Systrom, alipokuwa mwanafunzi Florence, Italia, alinyang'anywa na mwalimu wake kamera nzuri aliyokuwa nayo akapewa Holga, ili ajifunze kupenda picha isiyokamilika. Miaka michache baadaye yeye na Mike Krieger walikuwa wakitengeneza programu ya kushirikiana picha. Systrom alipokuwa mapumzikoni Mexico na mchumba wake, mchumba huyo alimwambia kwamba hangependa kuweka picha zake humo, kwa kuwa hazikuwa nzuri kama za rafiki yao mmoja. Na rafiki huyo alikuwa akizipitisha kwenye programu za filta. Systrom akaketi akatunga filta ya kwanza, X-Pro II, jina linalotokana na ule mchezo wa kusafisha filamu kwa kemikali isiyo yake.

Programu yao, Instagram, ilifunguliwa tarehe 6 Oktoba 2010, na siku ya kwanza watu wapatao 25,000 walijiunga. Kabla mwaka haujaisha walikuwa milioni moja. Filta peke yake haiwezi kueleza kasi hiyo, kwa sababu Hipstamatic nayo ilikuwa na filta. Tofauti ilikuwa katika mambo matatu. Instagram ilitolewa bure, wakati mwenzake aliuzwa. Pili, picha zake zilikuwa ndogo, za pikseli 612 kwa 612, tena zilianza kupakiwa wakati mtumiaji angali akiandika maelezo, kwa hiyo hata mtandao wa kobe ulionekana mwepesi. La tatu, na huenda ndilo kubwa, picha ilipokamilika ilikuwa tayari ina watazamaji wanaoisubiri.

Yafaa hapa tueleze filta ni nini, maana wengi huitumia bila kujua inafanya nini. Picha ya dijitali ni jedwali la namba. Kila nukta ina namba ya wekundu, ya kijani na ya buluu. Filta ni kanuni ya kubadili namba hizo: penye giza ongeza buluu kidogo, penye mwanga ongeza njano, kila unapokaribia pembe punguza mwangaza. Kilichokuwa kazi ya kemikali, jua na miaka 30 kabatini kinafanywa kwa hesabu za chini ya sekunde moja, na hutoka vilevile kila mara. Kosa limepata uhakika.

Mwaka 2012 ulikuwa wa kuhesabiana. Januari, Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake; Aprili, Facebook ilikubali kuinunua Instagram kwa dola bilioni moja, na wakati huo Instagram ilikuwa na wafanyakazi 13. Wapo waliosema kwamba Instagram iliiua Kodak. Mfuatano wa miaka hauungi mkono kauli hiyo: mauzo ya filamu yalikwisha kuporomoka kwa miaka kumi kabla, kwa sababu ya kamera za dijitali zilizoanzia katika maabara za Kodak yenyewe. Filta ilikuta maiti, haikuwa muuaji.

Sambamba na programu, vilizaliwa vifaa vya kushikika. Simu ilikuwa bapa na laini, haina tundu la skrubu la kuikaza kwenye stendi ya miguu mitatu, na lenzi yake haikubadilishwa. Kila pungufu likazaa bidhaa. Mwaka 2010 wabunifu wawili wa Marekani walichangisha fedha kwa ajili ya Glif, kishikizo kidogo cha kufungia simu kwenye stendi. Walihitaji dola 10,000, wakapata zaidi ya 137,000. Mwaka 2011 ikafuata olloclip, klipu iliyobana lenzi tatu juu ya kamera ya simu: ya jicho la samaki, ya upana, na ya kukuza vitu vidogo.

Kijiti cha selfi ndicho chenye kisa kirefu zaidi. Katika miaka ya 1980 Hiroshi Ueda, mhandisi wa kampuni ya Minolta ya Japani, alikuwa matembezini Ulaya. Katika jumba la makumbusho la Louvre alimwomba mtoto ampige picha na mkewe, na mtoto akakimbia na kamera. Ueda akabuni fimbo ya kurefuka yenye kamera nchani, pamoja na kioo kidogo cha kujitazamia. Haikuuzika, na mwaka 1995 iliwekwa katika kitabu cha uvumbuzi wa Kijapani usio na faida. Hataza yake ilikwisha mwaka 2003, miaka kama kumi kabla dunia nzima haijaihitaji. Kufikia 2015 vijiti vilikuwa vingi mno hata baadhi ya majumba makubwa ya makumbusho yakavipiga marufuku.

Mjadala mzito zaidi kuhusu filta ulihusu ukweli. Novemba 2010 gazeti la New York Times lilichapisha ukurasa wa mbele picha za Damon Winter, aliyepiga maisha ya askari wa Marekani Afghanistan kwa simu na Hipstamatic. Mwaka uliofuata zilipopata tuzo, baadhi ya wenzake walilalamika kwamba rangi ya kutungwa haifai katika habari. Yeye akajibu kwamba simu ilimsogeza karibu na askari kuliko kamera kubwa. Hoja hiyo ya ukaribu iliendelea kuzaa matunda. Mwaka 2012 Peter DiCampo na Austin Merrill, wakiwa Ivory Coast, walianza kupiga kwa simu mambo ya kila siku, na hapo ukazaliwa mradi wa Everyday Africa, unaoonyesha bara hili bila kusubiri vita wala njaa.

Sasa tupime sababu za filta hizi kupendwa. Maelezo ya kwanza husema filta ilikuwa dawa ya kamera duni, kwani chengachenga zikivishwa sura ya filamu huonekana zimekusudiwa. Maelezo hayo yanafaa kwa 2010, lakini kama yangetosha peke yake, filta za uzee zingekufa kamera zilipoboreka. Hazikufa: mwaka 2018, wakati simu zilikuwa na lenzi mbili na picha kali kabisa, programu ya Huji Cam kutoka Korea Kusini ilivuma kwa kuiga kamera ya kutupwa. Maelezo ya pili husema ni hamu ya zamani. Ila mtu hawezi kutamani kwa kumbukumbu kitu asichowahi kuwa nacho, na wengi wa watumiaji walikuwa vijana wa dijitali. Maelezo ya tatu husema ni haja ya kupendeza mbele ya watu bila kujifunza ufundi, nayo yanaeleza vyema kasi ya Instagram, ingawa hayaelezi kwa nini urembo uliochaguliwa ulikuwa wa uzee na si mwingine.

Mwandishi huyu anaona jibu liko katika albamu tuliyoanza nayo. Kwa muda mrefu picha iliyofifia ilikuwa picha iliyotunzwa; ilifikia kufifia kwa sababu kuna mtu hakuitupa. Rangi ya uzee ilibeba ushahidi kwamba kilichopigwa kilistahili kuhifadhiwa. Picha ya simu, iliyo moja kati ya maelfu, haina ushahidi huo, na filta iliuazima.

Lakini ushahidi ukiazimwa na kila mtu hudhoofika. Huji Cam hugonga pembeni mwa picha tarehe yenye mwaka wa '98, hata kama picha imepigwa leo asubuhi. Mtafiti wa miaka 100 ijayo atakayeokota picha nyekundu-nyekundu, ya mraba, yenye mwaka pembeni, hataweza kuamini rangi, umbo wala tarehe. Atalazimika kufanya kama mwalimu wa historia anavyowaambia wanafunzi wake: aache sura ya picha, atazame kilichomo ndani yake, na pengine ataujua mwaka wa kweli kwa kuona tu, mkononi mwa mmoja wa waliopigwa, simu.