Chungu, mrija na kegi: Jinsi kasi ilivyobadilisha unywaji na msamiati wake

MAJUZI nilikuwa Keroka, mji ambao mguu wake mmoja umo Kaunti ya Kisii na wa pili umo Kaunti ya Nyamira. Ilikuwa siku ya soko. Mvua ilitufukuza barabarani, nami nikajibanza katika baa moja karibu na stendi na kuagiza soda.

Kilichonivutia ni mikono ya kijana aliyekuwa akihudumu nyuma ya nondo za kaunta. Kando yake palikuwa na pipa la chuma. Mkono wa kushoto ulishika vikombe viwili vya plastiki, wa kulia ulikuwa kwenye bomba. Alifungua, povu likapanda, akafunga, akasukuma kikombe kupitia kidirisha, akapokea noti, akafungua tena. "Jaza hapo vizuri, bana! Usinipee povu!" mteja mmoja alilalama. Alipojaziwa, alikunywa wima kwa mafunda manne au matano, akapangusa mdomo na kutoka kwenda kuwasha pikipiki yake.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami alimtazama hadi akatokomea. "Mwanangu," akaniambia, "hawa siku hizi hawanywi. Hawa wanajaza tangi. Sisi tulikuwa tunakaa."

Kauli ya mzee huyo ilinifuata hadi nyumbani. Alitumia vitenzi vitatu: kunywa, kujaza na kukaa. Nadhani historia ya pombe katika sehemu hii ya nchi, na pengine Afrika Mashariki nzima, inaweza kusimuliwa kwa vitenzi hivyo.

Tuanze na jina lenyewe. Katika Ekegusii, pombe huitwa amarwa. Neno hili lina ndugu wengi. Waluhya husema amalwa, Wanyankole wa Uganda husema amarwa, na jijini Kampala neno malwa hutaja pombe ya wimbi inayonywewa chunguni kwa mirija. Neno linapoenea namna hiyo kuzunguka Ziwa Viktoria, linadokeza kwamba utamaduni wenyewe ni mkongwe kuliko mipaka ya kaunti na hata ya mataifa. Tena si letu peke yetu. Mwandishi Mgiriki Xenophon, aliyepita Armenia yapata miaka 400 kabla ya Kristo, aliandika kuhusu wanakijiji waliokuwa wakifyonza pombe ya shayiri kwa mirija ya matete kutoka chombo kimoja.

Amarwa haikuwa kinywaji cha papo kwa papo. Wimbi, ambao Abagusii huuita obori, ulilowekwa ukaachwa uote, kisha kimea hicho kikaanikwa na kusagwa. Kilichanganywa na unga uliochachushwa na kukaangwa, maji yakatiwa, na mchanganyiko ukaachwa kwa siku kadhaa. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Kwa hiyo, kabla ya mtu wa kwanza kuonja, kijiji kizima kilishajua kwamba kwa fulani kuna pombe, na sababu yake: mahari, kazi ya shambani iliyofanywa kwa pamoja, kesi ya mpaka wa shamba, au tambiko.

Robert na Barbara LeVine, watafiti Wamarekani walioishi Gusii miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu Nyansongo mwaka 1966, walieleza vikao ambapo wanaume waliketi kuzunguka chungu kimoja na kufyonza kwa mirija mirefu. Mambo hayakwenda ovyo kikaoni. Abagusii wana kanuni za haya na heshima baina ya kizazi cha baba na cha mwana, ziitwazo chinsoni, nazo hazikuachwa mlangoni kwa sababu tu watu wanalewa. Nani ameketi wapi, na nani anaweza kusema nini mbele ya nani, lilikuwa jambo la uzito.

Sasa hebu tuutazame mrija kama fundi anavyotazama chombo. Ni mrefu na mwembamba, na ncha yake huwa na kichujio cha kuzuia makapi. Hata uwe na kiu kiasi gani, mrija hautoi zaidi ya upana wake. Chungu chenyewe huongezwa maji moto kila kiwango kinaposhuka, kwa hiyo kuna kungoja. Kwa kuwa wote wanafyonza mahali pamoja, anayezidisha huonekana na wenzake, na huambiwa. Aidha, huwezi kuubeba mrija ukaondoka nao kwenda kunywea njiani. Ukitaka kunywa, sharti ukae. Mrija ulikuwa breki, na hakuna aliyehitaji kukumbuka kuikanyaga.

Nisieleweke visivyo. Siusifu ulevi, wala sidai kwamba chunguni palikuwa peponi. Wanawake walipika pombe ambayo aghalabu wengine ndio walioketi kuifaidi. Vijana hawakupewa nafasi. Ugomvi ulizuka, na wapo walioumizwa na kuuawa njiani wakirudi makwao. Mirija iliyopita kinywa hadi kinywa haikuwa salama kiafya. Hata hivyo, kasi ya unywaji ilidhibitiwa na chombo na kikao, wala haikuachiwa mnywaji peke yake.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Katika miaka ya 1910 wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Nyabururu, na Waadventista wa Sabato wakafungua chao Nyanchwa. Waadventista walihubiri kwamba muumini asiguse kileo kamwe, na kwa mara ya kwanza ukoo mmoja ukagawanyika kati ya wanaoketi chunguni na wasioketi. Serikali ya kikoloni nayo ilitoza kodi kwa pesa taslimu. Pombe iliyokuwa shukrani ya kazi ikageuka bidhaa: mwanamke aliyehitaji shilingi aliipika, akaiuza. Jijini Nairobi, katika miaka ya 1920, manispaa ilifungua ukumbi wake wa pombe kule Pumwani ili Mwafrika anywee mahali anapoweza kuonekana, na faida iingie katika hazina ya manispaa.

Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu, na bia ya Tusker ikapata jina na nembo yake. Lakini bia hiyo ya chupa haikuwa ya kila mtu. Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ruhusa ilipotolewa, chupa ikawa ishara ya hadhi. Ilikuwa pia chombo cha mtu mmoja. Hakuna anayeshiriki chupa ya mwenzake, na hakuna anayejua umeshusha ngapi ila wewe na mhudumu.

Hapa ndipo msamiati unapoanza kutusimulia mambo. Kiswahili cha Kenya kilipokea maneno mawili ya Kiingereza kwa mahali pa kunywea. La kwanza ni kilabu, lililotumiwa zaidi kwa kumbi za busaa na pombe za kienyeji. Asili yake ni chama cha watu wanaojuana. La pili ni baa, ambalo kwa asili ni kizuizi, yaani ile kaunta inayomtenga muuzaji na mnunuzi. Wapenzi wa lugha watakumbuka kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na baa lake, lenye maana ya janga, kama katika baa la njaa. Ni sadfa tu ya sauti, lakini wake wengi wa Keroka wangekwambia kwamba si sadfa.

Kisha akaja mama pima. Sidhani kuna istilahi inayoeleza mageuzi haya kwa ufupi kuliko hii. Ni mwanamke anayeuza chang'aa kwa kipimo, glasi kwa glasi. Anayepika pombe ya chungu hapimi, hukaribisha. Mama pima hupima, na mteja wake hulipa, humeza na kwenda zake, maana polisi wanaweza kutokea wakati wowote. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya mwaka 1971 ilitaka wauzaji wawe na leseni, na mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria mahususi. Marufuku hayakuikomesha. Yaliyofanya ni kuufanya unywaji uwe wa kujificha, na anayejificha hanywi polepole.

Majina nayo yakafuata. Zamani kinywaji kilitajwa kwa asili yake: pombe ya wimbi, ya ndizi, ya asali, tembo la mnazi. Miaka ya 1990 ilipokuwa ikiyoyoma, likavuma jina kumi kumi, yaani kinywaji cha shilingi kumi. Jina halikusema kimetengenezwa na nini. Lilisema bei tu. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 waliaga dunia jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa siku hizi hata hangoji kusifiwa, na anachotia ni sumu.

Ni kwa sababu ya maafa kama hayo ndipo lile pipa la Keroka likaja. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilileta bia ya Senator, iliyouzwa kwa mapipa na kupunguziwa ushuru na serikali, ili mtu wa kipato cha chini apate kinywaji nafuu na salama. Watu wakaiita kegi, yaani pipa. Chombo kikawa jina. Tuwe wakweli: bia hiyo iliwapa soko wakulima wa mtama, na serikali ilipoitoza ushuru mkubwa mwaka 2013, mauzo yalianguka na wengi wakarejea kwa mama pima. Miaka miwili baadaye serikali ililegeza kamba. Kegi imeokoa maisha. Lakini imekuja na bomba, na bomba halina breki ya mrija.

Je, kasi hii inatokana na kiu? Historia ya mbali inatusaidia hapa. Kuanzia mwaka 1917 hadi 1967, sheria ya New Zealand ililazimisha mabaa yafungwe saa kumi na mbili jioni. Wafanyakazi walitoka kazini saa kumi na moja, wakawa na saa moja tu. Wenye baa waliondoa viti ili watu wengi zaidi wasimame, na wakaanza kumimina bia kwa mipira yenye bomba mkononi, wakijaza glasi moja baada ya nyingine bila kuzihamisha. Watu walikunywa kama wanaoshindana. Sheria iliyokusudia kupunguza ulevi iliufunza umma kulewa ndani ya dakika 60, na ilichukua nusu karne na kura ya maoni kuiondoa.

Sisi pia tulipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, kutokana na jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Ilihalalisha chang'aa chini ya masharti, jambo jema kwa usalama, na ikaweka saa: baa zifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi. Saa hizo zinapima muda ambao mlango uko wazi. Hazipimi muda ambao kikombe kinakaa mkononi.

Tangu mwaka 2013 utoaji wa leseni za vileo umo mikononi mwa serikali za kaunti. Keroka ina kaunti mbili, ambazo zimewahi kuvutana kuhusu ni nani anayestahili kukusanya ushuru wa mji huo. Ningependa zivutane kuhusu jambo jingine: ni nani atakayekuwa wa kwanza kuuliza, kabla ya kutoa leseni, kama baa ina viti vya kutosha, kama inauza chakula, na kama inawapa wateja maji ya kunywa bila malipo. Hayo si mageni. Ni mrija kwa sura nyingine. Mwenye baa atasema kwamba anayekaa hanunui haraka, na kweli hanunui. Basi hiyo ndiyo hesabu tunayopaswa kuifanya hadharani, kwa sababu gharama ya upande wa pili hulipwa barabarani usiku, na hospitalini, na jikoni kwa watu wasiokunywa hata tone.

Nasi wapenzi wa lugha tuna zamu yetu. Vijana wetu wana misemo tele ya kunywa: kukata maji, kupiga mtungi, kumaliza mzinga. Mtungi na mzinga vilikuwa vyombo vya nyumbani, kimoja cha maji, kingine cha nyuki. Leo cha kwanza kinapigwa, cha pili kinamalizwa. Sijasikia msemo mpya hata mmoja wa kuketi na kinywaji. Labda upo Kampala, kwenye vikao vya malwa ambako watu bado wanazunguka chungu na mirija yao.

Mvua ilipokatika, mzee wangu aliinuka. Kikombe chake kilikuwa na nusu bado. Kijana wa kaunta alikitazama akauliza, "Mzee, hii umeacha?"

"Sijaacha," mzee akamjibu, akaketi tena. "Leta kiti, tuongee."

Kijana alicheka, akageukia bomba. Foleni ilikuwa ndefu.