Punje Chini ya Ulimi wa Nguruwe

Dalali wa nguruwe hanunui kwa macho matupu. Vijana wawili wanamlaza mnyama ubavu, mmoja anambana shingo, mwingine anampachika kijiti kinywani ili taya zisikutane. Ulimi unavutwa kwa kitambaa, maana unateleza. Kisha kidole gumba cha dalali kinapita polepole chini yake, upande huu halafu ule, kikitafuta kitu kama punje ya ubwabwa iliyozama kwenye nyama. Ikipatikana moja tu, biashara imekufa. Mwenye mali ataapa kwamba nguruwe wake hajawahi kuumwa hata siku moja, na huenda anasema kweli. Dalali atafuta vidole kwenye majani na kwenda nyumba ya pili, huku nguruwe akiendelea kupiga kelele kana kwamba amechinjwa nusu.

Ukaguzi huo una umri mkubwa kuliko Ukristo na Uislamu, dini mbili zinazobishana juu ya nyama hiyo. Mwaka 424 kabla ya Kristo, Aristophanes aliutia kwenye mchezo wake wa kuchekesha uliooneshwa Athens: mtu anatishiwa kupanuliwa kinywa kwa kijiti na kuvutwa ulimi, kama wapishi wanavyomfanyia nguruwe, aonekane kama ana punje. Watu hawacheki jambo wasilolijua, kwa hiyo tunaweza kuamini kwamba ukaguzi ule ulikuwa wa kila siku sokoni. Karne iliyofuata Aristotle alizieleza punje hizo kwa makini na kuzifananisha na mvua ya mawe. Hata hivyo hakuna kati yao aliyeziunganisha na yule mnyoo bapa, mrefu kama utepe, aliyetoka matumboni mwa watu. Ilichukua zaidi ya miaka 2,000 kuunganisha vitu hivyo viwili.

Punje ni mtoto wa mnyoo huyo, tegu, amejikunja ndani ya kifuko cha maji akingoja kuliwa. Nyama ikiliwa haijaiva vizuri, anajinyoosha, anajishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuanza kuota pingili moja baada ya nyingine. Tegu wa nguruwe hufika mita kadhaa. Wa ng'ombe hupita mita nne, na wapo wanaofika kumi. Kila pingili iliyokomaa ni gunia la mayai, maelfu kwa maelfu. Zile za tegu wa ng'ombe hujitembeza zenyewe, na wengi hugundua kuwa wana mgeni siku wanapoona kitu cheupe kama kipande cha tambi kikitambaa kwenye nguo ya ndani. Zaidi ya hapo mwenye tegu hana habari. Anakula, analima, anakwenda kichakani kujisaidia, na mnyama anapita nyuma yake.

Tegu mzima wa aina hizi mbili haishi mahali pengine popote isipokuwa tumboni mwa binadamu. Pasipo kinyesi cha mtu, nguruwe hapati punje, wala ng'ombe. Jambo hili linasemwa mara chache, labda kwa sababu linauma.

Linauma zaidi ukirudi nyuma. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba tegu tulipewa na mifugo, tulipoanza kufuga miaka kama 10,000 iliyopita. Mwaka 2001 Eric Hoberg na wenzake walichapisha uchunguzi wa ukoo wa tegu uliogeuza hesabu hiyo. Ndugu wa karibu wa tegu wetu walipatikana kwa simba na fisi wa Afrika, na watoto wa tegu hao hukaa kwenye miili ya swala. Mababu zetu walipoanza kula nyama kwenye mbuga hizi, walikaa sinia moja na fisi. Kwa makadirio ya watafiti hao, tegu wa ng'ombe na ndugu yake wa Asia waliachana kati ya miaka 780,000 na milioni 1.7 iliyopita, wakati ambapo hakukuwa na zizi wala banda duniani. Maana yake, siku tuliyowaleta ng'ombe na nguruwe nyumbani, sisi ndio tuliowapa tegu.

Baada ya hapo tegu alikwenda kila tulikokwenda. Mayai yake yalikutwa ndani ya maiti iliyokaushwa ya Nakht, kijana mfumaji wa Misri aliyekufa kama miaka 3,200 iliyopita. Nyanda za juu za Ethiopia, ambako nyama mbichi ya ng'ombe ni chakula cha heshima, watu hawakumwonea haya; walimwekea ratiba. Kila baada ya miezi miwili hivi walikunywa maua ya mti wa koso yaliyosagwa na kulowekwa, dawa chungu inayosokota tumbo, wakamtoa, kisha wakarudi kwenye nyama yao. Mskoti James Bruce, aliyefika huko mwaka 1769, aliandika habari za mti huo, na katika karne ya 19 koso ikawa dawa kwenye maduka ya Ulaya. Mti wenyewe unaota pia kwenye misitu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ni nadra Ulaya ya wakati ule kukubali kwamba Mwafrika amelijua jambo kabla yake. Kwa tegu ilibidi ikubali.

Mabara ya Amerika hayakuwa na nguruwe wa kufugwa mpaka Columbus alipowashusha katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Vinasaba vya tegu wa nguruwe vimeweka kumbukumbu ya merikebu hizo: tegu wa Afrika na wa Amerika ya Kilatini ni wa ukoo mmoja, na wa Asia ni wa ukoo mwingine. Ndiyo maana mnyoo anayetolewa leo kijijini Mbulu, Tanzania, ana udugu wa karibu zaidi na yule wa Peru kuliko na yule wa China.

Siri ya punje ilifumbuliwa Ujerumani, kwa njia ambayo leo ingempeleka daktari mahakamani. Friedrich Küchenmeister, tabibu wa mji wa Zittau, alishuku kwamba punje na tegu ni kiumbe kimoja. Mwaka 1854 alipata kibali cha kumjaribia mfungwa aliyehukumiwa kifo. Mfungwa hakuambiwa. Punje zilitiwa kwenye supu na soseji zake za siku za mwisho, naye akala. Hukumu ilipotekelezwa, Küchenmeister alipasua utumbo na kukuta tegu wachanga wamekwisha kujishikiza. Miaka michache baadaye akarudia kwa mfungwa mwingine, safari hii miezi kadhaa kabla ya kifo, akatoa minyoo yenye urefu wa mita moja na nusu. Wenzake walimlaani, na sioni kosa lao. Lakini kila kitabu cha tiba kilichoandikwa tangu hapo kimesimama juu ya supu ile. Upande wa ng'ombe ulithibitishwa kwa ndama: mwaka 1861 Rudolf Leuckart aliwalisha pingili za tegu wa mtu, nao wakaota punje.

Machinjio ya Ulaya yaliweka wakaguzi, vyoo vikajengwa, nguruwe wakafungiwa mabandani, na tegu akaanza kupungua huko. Hata hivyo sura mbaya kuliko zote ilikuwa bado haijaeleweka vizuri. Mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawa au mboga iliyomwagiwa maji machafu, mwili wa mtu unageuka kuwa mwili wa nguruwe: punje zinaota ndani yake, kwenye misuli, machoni, kwenye ubongo. Miaka ya 1930 madaktari wa jeshi la Uingereza walishangaa kuona askari waliorudi kutoka India wakianguka kifafa miaka mingi baada ya utumishi. Ubongo wao ulikuwa na punje.

Kisa ninachokirudia kila nikisoma habari hizi ni cha Guinea Mpya ya Magharibi. Waekari wanaishi milimani, kando ya maziwa ya Paniai, na nguruwe kwao ni mahari, ni sherehe, ni njia ya kupatana na jirani. Karibu na mwaka 1971 serikali ya Indonesia iliwapelekea nguruwe kutoka Bali kama zawadi. Haukupita muda mrefu hospitali ya Enarotali ikaanza kupokea watu walioungua vibaya, wengi mno kuliko kawaida. Usiku wa milimani ni baridi, na familia hulala kibandani zikizunguka moto. Mtu aliyekuwa amelala salama miaka yote anashikwa na degedege gizani, anabingirika motoni, wala hajui mpaka ngozi imekwisha. Waganga walikuwa wanatibu majeraha ya moto kumbe ugonjwa uko kichwani, na uliingia kwa miguu minne, umefungwa utepe wa zawadi.

Huku kwetu nako mtu wa kifafa mara nyingi hutambulika kwa makovu ya moto, na wapo wanaomwacha motoni wakihofia kwamba povu la mdomoni linaambukiza.

Mwislamu au Myahudi anaweza kusoma hadi hapa na kushusha pumzi. Asishushe. Mwaka 1992 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa wanne wa jumuiya ya Wayahudi washika dini jijini New York, watu wasiogusa nguruwe, waliokutwa na punje kwenye ubongo. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka Amerika ya Kilatini, na mmoja wao alikutwa na tegu tumboni. Yai lilisafiri kwa kidole hadi kwenye chakula halali kabisa. Wanaosema nguruwe aliharamishwa kwa sababu ya tegu wanajipa jibu jepesi, maana ng'ombe ana wake na nyama yake iko kwenye pilau.

Afrika Mashariki sura hii haijafungwa. Tangu miaka ya 1980 nguruwe wameongezeka sana Tanzania, Uganda na magharibi mwa Kenya, kwa sababu nzuri: jike huzaa wengi, hali chakula cha gharama, na ada ya shule haisubiri ng'ombe akue. Kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki: nyama yenye majina ya utani mengi hivyo ina wateja. Lakini wengi wa wanyama hao hutembea ovyo kutafuta riziki, na choo mahali pengi ni shimo lisilo na mlango au ni kichaka. Utafiti wa Mbulu uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua ndimi za nguruwe 770 na kukuta asilimia 17 wana punje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tegu huyu anachangia kama asilimia 30 ya kifafa katika maeneo alikoshamiri.

Turkana, Kenya, kuna binamu yake, tegu mdogo wa mbwa mwenye milimita chache tu, ambaye mayai yake huotesha kwa mtu uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, wakati mwingine mkubwa kama kibuyu. Miaka ya 1980 kaskazini-magharibi mwa wilaya hiyo kulihesabiwa hadi wagonjwa 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kisichojulikana kwingine. Kwenye jangwa lisilo na maji ya kuchezea, mbwa ndiye aliyemsafisha mtoto mchanga kwa ulimi. Shirika la AMREF lilipeleka mashine za kuangalia tumbo kwa mawimbi ya sauti hadi kwenye manyatta, watu wakipimwa chini ya miti.

Dawa zipo. Prazikwanteli humtoa tegu kwa mtu, oksifendazo huua punje kwenye nguruwe, na kuna chanjo ya nguruwe iliyobuniwa Australia. Kaskazini mwa Peru dawa za watu, dawa za nguruwe na chanjo vilitumika kwa pamoja, na taarifa ya mwaka 2016 ilionesha maambukizi yamekoma kwenye vijiji 105 kati ya 107.

Kijijini, dalali amekwisha kuondoka na kijiti chake. Nguruwe aliyekataliwa atachinjwa kabla jua halijazama, nyuma ya nyumba, nyama iuzwe kwa mafungu kwa bei ya kutupa, na jirani wataichangamkia. Mwenye mali anamlaani dalali, dalali anamlaani nguruwe. Nyumba hiyo ina watu saba, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa habari za tumbo lake.