Kuchakachua

Watanzania walilizoea neno hili kwenye vituo vya mafuta: kuchakachua ni kutia mafuta ya taa ndani ya dizeli au petroli. Uchaguzi wa 2010 ukalipeleka kwenye masanduku ya kura. Mafundi wa simu nao wakalichukua, ila kwao likageuka sifa. Modemu iliyochakachuliwa ni ile iliyokuwa ikikubali laini ya kampuni moja tu, na sasa inapokea laini yoyote.

Hapo maana imepinduka. Kufuli la mtandao ni agizo lililowekwa kwenye programu ya kifaa. Chombo chenyewe kinaweza kuwasiliana na minara ya wengine, mradi masafa yalingane. Anayeingiza namba ya kufungulia hachanganyi kitu, bali anaondoa kilichoongezwa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 kuwaruhusu wateja kufungua simu zao, na Uingereza ikayakataza makampuni ya mitandao kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Kwa kazi hiyo “kufungua” latosha. “Kuchakachua” tuwaachie wenye matangi.