Mshahara wa mseja na jembe la mama (Sehemu ya 5)

Tuendelee na mfululizo wetu wa historia ya kazi.

Kwa mgeni: mimi ni muuguzi, na jioni nasoma shahada ya masuala ya kazi. Kila tukimaliza mada darasani naileta hapa kwa lugha yetu ya kawaida. Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu vyama vya wafanyakazi, na wengi mkauliza kwenye komenti: "Mbona wanawake hatuwaoni? Walikuwa wapi?"

Walikuwa kazini. Ila hakuna aliyewaandika kwenye daftari la mishahara. Leo nataka tuone ilikuwaje wasiandikwe, maana haikutokea kwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu, na ilipigwa makusudi.

1. TUANZE NA MKONGE

Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, ikasafiri baharini, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe na kwingineko, mpaka enzi za Waingereza Tanganyika ikawa inaongoza duniani kwa mkonge.

Sasa, mkonge unataka watu. Kuna kukata majani yenye miiba, kuyafunga matita, kuyabeba, kuyapeleka kwenye korona (hapana, si ile ya barakoa, ndivyo watu wa mkonge walivyoita mashine ya kuchakata), kisha kuanika singa. Wenyeji wa pwani walikuwa na mashamba yao, hawakuwa na haraka ya kwenda kukatwa na miiba kwa senti chache. Kwa hiyo watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji.

Kilichowasukuma ni nini? Kodi, kwa sehemu kubwa. Sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922 ilitaka fedha taslimu, na vijijini kwingi fedha haikuwepo. Mwanaume anaaga, anapanda lori au treni, anapewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na shughuli ikawa kubwa zaidi.

Huko shambani mtu alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku yako inawekwa alama. Usipomaliza, siku haihesabiki hata kama umeshinda juani. Kumbuka neno hilo, kuhesabika. Tutarudi nalo.

2. NDANI YA MSHAHARA KULIKUWA NA NINI?

Hapa ndipo mwalimu wetu alipotunyamazisha darasani. Alituuliza: mshahara wa manamba ulipangwa umtoshe nani?

Jibu ni yeye peke yake. Chakula cha mtu mmoja, nguo ya mtu mmoja, kodi, na kidogo cha kurudi nacho nyumbani. Mke hamo. Watoto hamo. Uzee haumo. Ndiyo maana wanahistoria wanauita mshahara wa mseja, hata kama mtu mwenyewe alikuwa na mke na watoto 4.

Waajiri na serikali walikuwa na sababu yao, na walijiona wana akili: huyu mtu ana kwao, kwao kuna shamba, shambani kuna mke. Mke atajilisha na watoto atawalisha. Mume akiugua atarudi kwao kuuguzwa. Akizeeka atarudi kwao kuzeeka. Kwa nini mwajiri alipie vitu ambavyo kuna mtu anavifanya bure?

Hebu itazame hesabu hiyo kama muuguzi anavyoitazama. Mfanyakazi hazaliwi akiwa na miaka 20 na panga mkononi. Kuna mtu alimbeba miezi 9. Kuna mtu alimnyonyesha, akamkesha kwa homa, akamlimia uji, akamchotea maji. Na akirudi kutoka mkonge kakonda anakohoa, kuna mtu anampokea na kumuuguza mpaka apone au afe. Kazi yote hiyo ilikuwa ya lazima ili shamba lipate watu. Bila hiyo hakuna manamba wa mwaka huu wala wa miaka 20 ijayo.

Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kigoma ambaye hakuwahi kuiona Tanga kwa macho yake alikuwa analipia sehemu ya mshahara wa Tanga. Alilipa kwa jembe. Kamba ya mkonge ikifika Ulaya bei yake ni nafuu, na sehemu ya unafuu huo ni mgongo wake.

Na waliokwenda na waume zao? Kambini walipalilia, wakaanika singa, wakapika, wakauza pombe. Nao waliitwa "wake za manamba".

3. HATA WAKOLONI WENYEWE WALIKIRI

Msije mkasema haya ni maneno ya wanaharakati wa siku hizi. Mwaka 1954 jirani zetu Kenya, chini ya serikali ileile ya Kiingereza, kulikuwa na kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter. Kamati hiyo iliandika wazi kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanaume mseja, na kwamba mtu hawezi kuishi mjini na familia yake kwa fedha hiyo. Wakapendekeza mishahara ipandishwe hatua kwa hatua mpaka ufike mshahara wa familia.

Si jambo jema? Ni jema. Vyama vya wafanyakazi vilipigania hilo Kenya na kwetu. Huku shirikisho la vyama, TFL, liliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Baada ya Uhuru Tanganyika ikapandisha kima cha chini, mfumo wa manamba ukafa, na katikati ya miaka ya 1960 SILABU ikafungwa.

Lakini dada zangu, tulieni hapa kidogo.

Kwenye hesabu ya kwanza mwanamke hakuwemo kwa sababu mshahara ulikuwa wa mseja. Kwenye hesabu ya pili kaingia, ila kaingia kama nani? Kama tegemezi. Mume ndiye mtafuta riziki, mke ni mdomo wa kulishwa. Yule yule aliyeilisha familia nzima kwa jembe wakati mume yuko mkonge, leo kaandikwa kwamba analishwa.

Jembe lake halikuhesabiwa mara ya kwanza, na mara ya pili likafutwa kabisa. Matokeo yake tunayajua. Mwanamke akiomba kazi anaulizwa, "Kwani mumeo hafanyi kazi?" Akidai nyongeza anaambiwa mshahara wake ni wa sabuni na kitenge.

4. WALINYAMAZA? HAPANA

Upare, miaka ya 1940, serikali ilileta kodi mpya iliyoitwa mbiru. Wanaume kwa maelfu wakaenda kukusanyika Same kuipinga. Siku zikapita, wiki zikapita, huku nyumbani kazi zote zimebaki mikononi mwa wanawake. Mwaka 1946 wanawake wakaandamana wenyewe. Watafiti waliokusanya masimulizi ya Upare wanaeleza kwamba walimkabili ofisa wa Kiingereza wakamtaka amalize mgogoro waume zao warudi, la sivyo awape mimba yeye. Cheka, lakini uelewe walichosema: kaya inaendeshwa na watu wawili, na ukimwondoa mmoja, kuna gharama, na gharama hiyo mnatupa sisi.

Dar es Salaam miaka ya 1950, wanawake wengi wa Kiswahili waliuza vitumbua, maandazi, pombe, wakapangisha vyumba. Hawakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, ila walikuwa na fedha zao ndogo na vikundi vyao vya ngoma. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuandikisha wanawake TANU mwaka 1955, alipitia humo humo kwenye vikundi vya ngoma. Wasiohesabiwa kazini ndio waliojaza mikutano ya Uhuru.

5. MWAKA 1983, MAMBO MAWILI

Wa umri wangu hamkumbuki, waulizeni wazazi. Mwaka 1983 ilikuja operesheni ya Nguvu Kazi. Mtu wa mjini asiye na kitambulisho cha kazi alihesabika mzururaji na kurudishwa kijijini. Yaani kazi ilikuwa ile yenye kitambulisho. Na wakati huohuo mshahara wa hao wenye vitambulisho ulikuwa unaisha kabla wiki haijaisha, na kaya nyingi za mjini zilisimama kwa miradi ya akina mama: kuku, barafu, vitumbua, cherehani. Wengi wenu mnaosoma hapa mlilipiwa ada na vitumbua hivyo.

Jambo la pili la mwaka huohuo lilitokea mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ikivunjika, mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja igawanywe. Swali likawa: mama wa nyumbani ana juhudi gani? Katika kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaijua kama kesi ya Bi Hawa, Mahakama ya Rufani, kupitia Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa.

Bi Hawa mwenyewe, kwa sababu nyingine za kesi yake, hakuondoka na mgao aliouomba. Lakini kanuni ilibaki, na maelfu ya wanawake waliokuja baada yake wameitegemea. Kwa mara ya kwanza mahakama yetu ya juu kabisa ilifungua lile daftari na kuandika jina la mama wa nyumbani.

6. TUJE WODINI

Mtaniuliza, nesi, haya ya mkonge yanakuhusu nini? Yananihusu kila zamu.

Mwangalie anayelala chini pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Mara nyingi ni binti, mke, dada au mkwe. Anamgeuza mgonjwa, anamwosha, anamlisha, anafua mashuka, anakimbilia dawa. Kazi hiyo kama isingefanywa na yeye, ingefanywa na wafanyakazi wa kulipwa. Hospitali zetu zinasimama kwa sababu yupo, kama mashamba yale yalivyosimama kwa sababu ya mwanamke wa Kigoma.

Na genge lake huko mtaani limefungwa wiki ya tatu. Mtaji unaliwa. Mkopo wa kikundi unamsubiri.

Kisha sikiliza kikao cha familia. Kaka katoa laki mbili, anashukuriwa. Shemeji katuma laki kwa simu, anashukuriwa. Dada je? "Aa, dada yeye yupo tu hospitali."

Yupo tu! Neno hilo "tu" ni dogo, lakini limebeba kipande chote cha mkonge ndani yake. Siku 21 kazini na hakuna hata moja iliyowekwa alama.

Si kwetu peke yetu. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kila siku, katika nchi 64 zenye takwimu, zinatumika saa bilioni 16.4 kwa kazi za kulea na kuhudumia bila malipo, na zaidi ya robo tatu zinafanywa na wanawake. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kila siku bila senti. Hata sisi tunaolipwa hatujapona. Takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii duniani ni wanawake, na tukidai haki tunaambiwa uuguzi ni wito. Wito naukubali, nimeitika. Ila mwenye nyumba wangu hapokei wito mwisho wa mwezi.

7. "LAKINI SI NI UPENDO?"

Najua kuna atakayeandika: kumuuguza mama yako ni upendo, unataka alipwe? Ndugu yangu, ni upendo, hakuna anayebisha. Lakini kaka aliyetuma laki mbili naye katuma kwa upendo, na zake zimeandikwa. Kuhesabu hakuui upendo. Kinachoua ni kumtumia mtu mpaka anafilisika halafu kusema hakufanya kitu.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakakubaliana kwamba kazi ni pamoja na ile isiyolipwa, ya kuzalisha na kuhudumia nyumbani. Tafsiri ipo basi. Sheria yetu ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Ni ushindi wa kweli, lakini ni wa mwenye mkataba. Mama wa genge ana siku ngapi?

Kwa hiyo mimi nikisikia "usawa", siwazi kwanza viti vya bungeni. Nawaza daftari. Kikao cha familia kijacho, andikeni na siku za dada, na genge lake lifidiwe kwenye mchango huohuo. Zamu za kulala hospitali zigawanywe, kaka naye alale chini usiku mmoja. Hilo halihitaji sheria mpya wala mfadhili.

Na kazi ya nyumbani kwenu wiki hii: mpigie bibi yako, au mtu mzima yeyote aliyebaki kijijini mume akaenda mkonge, mgodini au mjini. Muulize mambo matatu. Alilima nini? Nani alimsaidia akijifungua? Fedha ilikuja mara ngapi? Andika majibu yake, kisha tuletee kwenye komenti, bila kumtaja jina. Wazee hawa wanaondoka, na wengi hawajawahi kuulizwa walifanya kazi gani.

Sehemu ya 6 tutaongelea wafanyakazi wa majumbani. Naingia zamu ya usiku sasa, nitawajibu asubuhi. Usiku mwema.