Kutoka Simbi hadi Bitcoin: Fedha Isiyo na Mwenyewe katika Old Kampala

Old Kampala, mteremko mmoja chini ya Msikiti wa Taifa, kuna kinyozi ambaye benchi lake la kungojea halikosi watu. Wengi wetu hatuendi kunyolewa. Tunakwenda kuchaji simu na kubishana. Ubishi ulioniletea insha hii ulianza hapo, kati ya rafiki yangu mmoja, Mkongomani wa Bukavu, na mwanafunzi mwenzetu anayesomea uhasibu. Mkongomani alisema Bitcoin ni fedha ya kwanza duniani isiyo na mwenyewe: haina mfalme, haina benki, haina sahihi ya gavana. Mhasibu akajibu kwamba fedha isiyo na mwenyewe ni kama mbuzi asiye na mwenyewe, yeyote humchinja. Watu wakacheka, na hoja ikapotelea kwenye kelele za mashine ya kunyolea.

Mimi sikucheka sana. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo shangazi yangu, anayeuza vitenge, alikuwa ameweka shilingi milioni tatu katika kampuni iliyojiita ya sarafu za kidijitali. Kampuni hiyo siitaji hapa. Ilikuwa na ofisi, kapeti, na kijana aliyevaa tai. Asubuhi moja mlango ulikutwa na kufuli.

Kwa hiyo ninauliza swali la historia, lakini silo la historia peke yake: fedha isiyo na mwenyewe inapokuja, nani hufaidika, na inapoondoka, nani hubaki nayo mkononi? Nadhani rafiki yangu alikosea maneno mawili tu, "ya kwanza". Kilima hiki hiki kiliwahi kuishi na fedha isiyo na mfalme wala benki, na jina lake bado tunalo mdomoni. Mganda akisema "ensimbi" anamaanisha pesa. Simbi ni kauri, yule konokono wa baharini mwenye gamba jeupe linalong'aa.

Kauri hawaishi katika Ziwa Viktoria. Waliletwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, mkono kwa mkono, kabla mfanyabiashara yeyote wa Zanzibar hajakanyaga Buganda. John Roscoe, mmisionari aliyechapisha kitabu chake juu ya Waganda mwaka 1911, aliandika mapokeo kwamba simbi zilianza kujulikana wakati wa Kabaka Semakookiro, mwishoni mwa karne ya 18, na kwamba mwanzoni simbi mbili zilitosha kumnunua mwanamke. Kabla yake walitumia ushanga wa buluu na visahani vya pembe za ndovu. Baadaye, Roscoe anasema, ng'ombe aliuzwa kwa simbi 2,500 na mbuzi kwa 500. Watu walizitoboa na kuzitunga kwenye uzi, mia mia, ili kuhesabu kusiwe kazi ya siku nzima.

Tusipite haraka hapo. Kutoka simbi mbili kwa mtu hadi simbi 2,500 kwa ng'ombe, kimetokea nini katikati? Bahari imesogea. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna akitokea pwani, na baada yake misafara ikaongezeka, ikileta nguo, bunduki, na magunia ya kauri. Thamani ya simbi haikutokana na uzuri wake. Ilitokana na umbali. Kule pwani kauri huokotwa miambani maji yakipwa, hufukiwa mchangani hadi mnyama aliyemo aoze, kisha huoshwa. Kazi hiyo mtoto anaiweza. Kilichokuwa kigumu ni kuibeba hadi hapa kichwani mwa mpagazi, miezi kadhaa njiani. Njia ilipokuwa rahisi, ugumu ulikwisha, na pamoja nao thamani.

Afrika Magharibi waliliona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri wa Zanzibar, mkubwa kidogo na wa bei ndogo kuliko yule wa Maldivi, anakubalika Lagos na Ouidah. Wakajaza meli. Aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake katika kauri akaiona ikiyeyuka bila mtu kumwibia hata moja. Hakuna aliyeweza kuwaambia watu wa Hamburg wapunguze, kwa kuwa fedha ile haikuwa na mwenyewe wa kulalamikiwa.

Sasa turudi kwa kinyozi. Watu wa kwanza wa Bitcoin walizijua habari hizi za magamba. Nick Szabo, ambaye mawazo yake yalitangulia Bitcoin, aliandika mwaka 2002 insha ndefu juu ya chimbuko la fedha, akianzia kwenye magamba na shanga. Mwaka 2008 mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa maelezo ya Bitcoin, na Januari 2009 mfumo ukaanza kufanya kazi. "Uchimbaji" wake ni kompyuta kubahatisha namba, mamilioni kwa mamilioni, hadi moja ipate ile inayotakiwa. Iliyopata huandika ukurasa mpya katika leja ya wote na kupewa ujira. Mwaka 2009 ujira ulikuwa bitcoin 50. Hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Jumla yake haitavuka milioni 21.

Lakini jibu lao kwa watu wa Hamburg silo hiyo milioni 21, ingawa ndiyo inayotajwa sana katika ubishi. Jibu liko katika kanuni nyingine ndogo: kila baada ya kurasa 2,016, yaani wiki mbili hivi, mfumo hupima kasi ya uchimbaji na kubadili ugumu wa bahati nasibu ile. Wachimbaji wakiongezeka maradufu, kazi inakuwa ngumu maradufu, na sarafu zinatoka kwa mwendo ule ule. Ni kana kwamba kila merikebu ya Hamburg inapotia nanga Zanzibar, kauri wanazama kina kirefu zaidi. Hapa nakiri kwamba rafiki yangu ana hoja. Njia ya kwanza iliyoua simbi, ile ya kuletwa nyingi kupita kiasi, imezibwa.

Njia ya pili haijazibwa, na hiyo ndiyo iliyopita hapa kilimani.

Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi juu ya kilima cha Kampala, mbele ya Mengo, kwa niaba ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilikuwa na rupia zake yenyewe, zilizoandikwa jina la Mombasa na kuchorwa mizani. Wanaodhani fedha ya kampuni binafsi ni jambo la kizazi chetu na waende wakazitazame. Hata hivyo sarafu za mizani hazikuendesha soko la Buganda. Simbi na nguo ndizo zilizoliendesha, na kampuni yenyewe iliondoka mwaka 1893 ikiwa imeishiwa. Hata serikali iliyoifuata ilitatizika: maaskari wa Kisudani walioasi mwaka 1897 walikuwa na manung'uniko mengi, na mojawapo ni mshahara mdogo uliochelewa na kulipwa kwa vitambaa.

Kisha ukaja Mkataba wa Uganda wa tarehe 10 Machi 1900. Tunapousoma darasani tunakimbilia mambo ya ardhi, na ni haki, kwa sababu machifu waligawiwa maili za mraba na mkulima akajikuta mpangaji katika shamba la babu yake. Lakini mkataba ule uliweka pia kodi ya nyumba: rupia tatu kwa mwaka, na rupia tatu nyingine kwa mwenye bunduki. Mwanzoni, kwa kuwa rupia hazikuwapo mikononi mwa watu, serikali ilipokea kodi kwa vitu, simbi zikiwemo. Ghala za serikali zikajaa magamba yasiyoweza kumlipa mtu yeyote aliyeko London. Mwaka 1901 zikakataliwa.

Hakuna aliyezichoma simbi za mkulima. Hakuna askari aliyeingia ndani kumnyang'anya. Walichofanya ni kutozipokea dirishani tu, na hilo likatosha. Fedha isiyolipa kodi inageuka kitu cha kubadilishana na anayeipenda, na wanaoipenda hupungua kila msimu. Ili apate rupia, mkulima alilazimika kumfanyia kazi mwenye nazo au kulima zao linalouzika nje. Pamba iliyoanza kusambazwa na Kampuni ya Uganda mwaka 1903 ilikuta watu tayari wanaitafuta. Aliyekaa karibu na meza ya mkataba alibadili mali yake mapema. Aliyekaa mbali alisikia habari akiwa na mitungo yake ya mia mia ukutani. Sidhani hili lilikuwa bahati mbaya. Kila fedha mpya ina watu wa mlango wa mbele na watu wa mlango wa nyuma.

Simbi hazikufa siku hiyo, lakini. Rupia moja ilikuwa kubwa mno kwa mwenye haja ya chumvi ya kula leo. Ilikuwa sawa na mamia ya simbi. Sokoni ziliendelea kutumika kama chenji. Serikali ikalazimika kutengeneza senti ndogo ndogo za alumini, mwaka 1907 na 1908, zenye tundu katikati. Watu walizoea kutunga fedha zao kwenye uzi, na tundu lile liliwafaa. Alumini iliharibika katika unyevu wetu na ikabidi wabadili madini. Mwishowe rupia nayo ikaondolewa, ikaja florini mwaka 1920, na punde si punde shilingi. Kiganda kimehifadhi msafara mzima: ensimbi ni kauri, empiya ni rupia iliyovaa kanzu ya Kiganda, ssente ni senti. Maneno matatu, fedha tatu, na zote leo zina maana moja.

Mhasibu wetu angependa niishie hapo, kwa kuwa inaonekana serikali hushinda daima. Lakini haki ya Mkongomani haijatimia. Fedha yenye mwenyewe nayo ina kaburi lake Old Kampala. Mwaka 1972 Waasia waliojenga nusu ya barabara hizi walipewa siku 90 kuondoka, na waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo sana. Mei 1987 serikali ilibadili noti: shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na asilimia 30 ikakatwa papo hapo. Babu yangu mzaa mama alikuwa na akiba kwenye kopo la maziwa ya unga, na hata leo hapendi kulizungumza. Rafiki yangu mwenyewe alivuka mpaka wa Bunagana akiwa na fedha alizozishona katika pindo la suruali. Anaposema kwamba siku hizi mtu anaweza kuvuka na mali yake yote katika maneno 12 aliyoyakariri kichwani, hasemi nadharia. Huko Kivu Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji pale Luviro ili kujipatia mapato. Kwake jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana kutoka benchi la kinyozi.

Hata hivyo dirisha la kodi liko palepale. Mwezi Mei 2018 mkutano mkubwa wa teknolojia hii ulifunguliwa Kampala na Rais Museveni mwenyewe, na mwaka huo Binance ikafungua soko lake hapa, likafungwa mwaka 2020. Tarehe 29 Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliziandikia kampuni zenye leseni ya malipo kwamba hazina ruhusa ya kubadilisha sarafu hizi kuwa pesa za simu wala kinyume chake. Wakili mmoja akaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2023 ombi lake likatupwa. Hakuna aliyekatazwa kuwa na bitcoin yake, kama vile hakuna aliyekatazwa kuwa na simbi. Hata El Salvador, iliyoifanya Bitcoin fedha halali mwaka 2021, ilibadili sheria mwanzoni mwa 2025, na kodi haziwezi tena kulipwa kwa Bitcoin.

Ya shangazi ni kisa kingine, na naona ubaya kuyachanganya. Kampuni ile haikuwa na leja ya wote wala uchimbaji. Ilikuwa na neno "sarafu" tu. Benki Kuu ilikuwa imewahi kuonya Februari 2017 kuhusu OneCoin, iliyouza ndoto hiyo hiyo, na mmoja wa waanzilishi wake alihukumiwa Marekani mwaka 2023 kifungo cha miaka 20. Onyo hilo lilitolewa kwa Kiingereza, kwa maandishi, kwa watu wa mlango wa mbele.

Nilipomaliza rasimu nilimsomea shangazi sehemu ya mwaka 1901. Alisikiliza huku akikunja vitenge, kisha akauliza wale watu walizifanyia nini simbi zao. Nikamwambia nyingine zilivaliwa, nyingine zilikwenda kwa waganga, nyingine ziko hadi leo katika sherehe za kuzaliwa mapacha. Akatoa simu yake. Programu ya kampuni ile bado anayo, hajaifuta. Aliifungua akanionyesha salio lake la siku ya mwisho, milioni tatu na faida yake, limeandikwa kwa rangi ya kijani.