Reli Mbili, Mji Mmoja

Mwalimu na aandike ubaoni majina haya: Dar es Salaam, Kigoma, Mpanda, Tunduma. Yasomeni kwa sauti.

Ninyi watu wa Ufipa chuma mnakijua. Wazee wenu walikiyeyusha wenyewe katika malungu, yaani tanuri ndefu za udongo, wakafua majembe. Lakini chuma cha reli hakikupanda kwenu. Leo tutajifunza kilipita wapi, na kwa haja ya nani.

Kwanza, Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Urefu wake ni kilometa 1,250 hivi. Walitaka kuunganisha bandari na Ziwa Tanganyika, ili mazao yateremke pwani na bidhaa zipande bara. Baadaye, wakati wa Waingereza, lilijengwa tawi la kutoka Kaliua mpaka Mpanda, kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi.

Pili, TAZARA. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao peke yao, na Zambia ikakosa njia ya salama ya kupitishia shaba yake. Basi Tanzania na Zambia zikakopa fedha China, mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, na njia ikamalizika mwaka 1975: kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi Kapiri Mposhi.

Sasa sikilizeni vizuri. Reli hizi mbili zinaanzia mji mmoja, wala hapana hata moja iliyojengwa kwa ajili ya mtu wa Buguruni aendaye kazini asubuhi. Lakini mji ulikua. Nyumba zikafika kando ya reli, na barabara zikajaa magari hata watu wakachelewa kazini. Mwezi wa Oktoba 2012 zikaanza treni za abiria wa mjini, juu ya reli zile zile za zamani. Moja ilitoka stesheni ya mjini, ikipita Buguruni na Tabata hadi Ubungo Maziwa. Ya pili ilitoka stesheni ya TAZARA kwenda Mwakanga.

Kwa nini mbili, isiwe moja? Katika Reli ya Kati, nafasi kati ya chuma na chuma ni mita 1. Katika TAZARA imezidi kwa karibu sentimita 7. Behewa la hii halipiti katika ile.

Mmeona? Reli hufuata haja ya aliyeijenga. Treni ya watu wa Buguruni ilianza miaka 98 baada ya reli kufika Kigoma. Ninyi mko kati: Mpanda kaskazini, Tunduma kusini mashariki, na kila upande ni zaidi ya kilometa 200 kwa barabara. Mahindi yenu hupanda lori kwanza. Siku wakija kwenu wapimaji wa njia, waulizeni mapema: itabeba nini, na itasimama wapi?

Maswali

1. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka gani?
2. Kwa nini Zambia ilihitaji TAZARA?
3. Kwa nini behewa la TAZARA halipiti katika Reli ya Kati?
4. Andika sentensi tatu: kama reli ingepita Ufipa, ungetaka isimame wapi, na kwa nini?