Asili ya Jina la Dodoma

Jina la mahali ni kama alama ya ng'ombe: huonyesha lilikotoka. Sisi tukaao Ugogo twalitaja jina la Dodoma kila siku, lakini wengi wetu hatuulizi maana yake.

Asili yake ni neno la Kigogo, Idodomya, yaani "imezama". Nalo lafanana na neno didimia la Kiswahili. Lilipoandikwa na wageni, mwanzo wake uliachwa na mwisho wake ukafupishwa, ndipo likawa Dodoma. Wadachi waliuanza mji mwaka 1907, wakati wa kujenga reli ya kati, na jina likaenea pamoja na gari la moshi.

Je, kilichozama ni nini? Wazee hutoa habari mbili. Wengine husema ni tembo aliyekwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akanasa matopeni, akazama. Kijito hicho kiliitwa hivyo kwa ajili ya mikuyu iliyoota kandokando yake, wala si kwa Wakikuyu wa Kenya. Wengine husema watu wa hapa waliiba ng'ombe wa Wahehe, jirani zao wa kusini, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipofika, waliikuta mikia imechomekwa matopeni, wakaambiwa, "Tazameni, ng'ombe wenu wamezama!"

Twajua kwamba habari ya tembo yapendeza zaidi, kwa kuwa haina aibu. Lakini si haki kuwaficha watoto ile ya pili. Yawafundisha kuwa mifugo ilikuwa uhai wa watu, na kwa hiyo iliwagombanisha majirani.

Tena habari zote mbili zapatana katika jambo moja, nalo ni matope. Mgeni atastaajabu, kwa kuwa Ugogo ni nchi ya mvua chache. Lakini masika yakifika, udongo mweusi wa mbugani hushika mguu na gurudumu. Basi jina hili ni onyo la watu walioijua ardhi yao.

Mwaka 1973 Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 ikafanywa jiji. Wengi wanaohamia hawajui Kigogo. Tuwaulize wazee majina ya vijito na vilima, tuyaandike wangali hai. Tusipofanya hivyo, ajengaye nyumba yake mbugani atajifunza maana ya Idodomya mvua itakaponyesha.